Mlango wa Mangi

Mama alipiga simu Alhamisi jioni, saa ambayo si kawaida yake. Nilikuwa maktaba, nikatoka nje kupokea. Aliniuliza kama nimekula, akaniuliza kama mvua inanyesha Dar, kisha akasema, "Mangi anapakiwa rangi duka lake. Watu wa kampuni ya simu wamekuja kupima leo. Jumatatu wanaanza."

"Duka lote?"

"Lote. Ukuta, dirisha, mlango."

Tukanyamaza wote wawili. Halafu akasema ameona bora nijue, akakata.

Nilirudi kwenye kiti changu nikaitazama kompyuta. Nilikuwa nimeacha sentensi katikati. Ilihusu watu waliokuwa wakiingia kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi jijini New York, miaka ya mwanzo ya 1980, kubandua michoro ya chaki ya kijana aliyeitwa Keith Haring. Niliwaita "wezi." Pembeni ya neno hilo, kwenye rasimu iliyotangulia, msimamizi wangu wa tasnifu alikuwa ameandika kwa penseli: "Una uhakika?"

Kaka yangu alikuwa mchora mabango. Kama umewahi kunyolewa Makorora, pale Tanga, kwenye kibanda chenye picha ya kichwa cha mwanamume kisicho na shingo, au kupanda bajaji iliyoandikwa maneno ya kuwasema mahasidi kwa nyuma, huenda umeuona mkono wake. Hakusomea. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, na utoto wetu wote alirudi nyumbani na vipande vya chaki, vile vifupi visivyoshikika tena. Kaka alivikusanya kwenye kopo la maziwa ya unga. Alichora kwenye sakafu ya baraza, kwenye mageti ya watu, kwenye milango ya maduka yaliyofungwa. Alichapwa kwa ajili hiyo, nyumbani na mtaani. Mvua ikifuta, anaanza upya.

Desemba moja Mangi alikwenda kwao Moshi kula Krismasi, kama afanyavyo kila mwaka, akafunga duka wiki mbili. Aliporudi alikuta foleni ya watu imechorwa kwa chaki kwenye mlango wake mweusi wa mbao. Tulidhani kaka atapigwa. Mangi aliutazama mlango, akaingia ndani, akatoka na kopo la rangi nyeupe ya mafuta lililobaki robo. "Hii chaki itafutika," alisema. "Pitishia rangi." Malipo yalikuwa soda moja na nusu mkate. Kaka alikuwa na miaka 15.

Kwenye foleni ile wapo watu tisa. Wamechorwa kwa mstari mnene, hawana macho wala pua, ila ukiishi pale unawajua. Kuna mama mwenye beseni kichwani. Kuna mzee aliyeegemea baiskeli. Kuna wawili wanaosemezana hadi wameacha nafasi mbele yao. Wa mwisho ni mtoto aliyebeba sarafu kubwa kuliko kichwa chake. Mtoto huyo ni mimi. Nilikuwa na miaka minane, na kila jioni nilitumwa mafuta ya taa, nikiikamata sarafu ya mia mbili kwa mikono miwili nisije nikaipoteza tena.

Kaka alifariki mwaka 2019 kwa ajali ya bodaboda, akiwa na miaka 27. Baada ya hapo kazi zake zilikwisha moja moja. Kinyozi alihama. Bajaji ziliuzwa, zikapakwa upya. Mabango ya mkono yalibadilishwa na yale ya plastiki yanayochapwa kwa mashine kwa saa moja. Sisi wenyewe hatukuwa tumeweka kitu, kwa sababu hakuna anayehifadhi bango la saluni. Ulibaki mlango.

Watu huniuliza kwa nini mtoto wa Tanga aandike tasnifu kuhusu kijana wa Pennsylvania. Kwenye pendekezo la utafiti nilijibu kwa lugha inayotakiwa, nikataja nafasi za umma na masoko ya sanaa. Jibu la kweli ni fupi. Mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili, mhadhiri alituonyesha picha ya kijana mwembamba mwenye miwani, ametupa mgongo, ana kipande cha chaki mkononi, anachora watu wasio na nyuso kwenye karatasi nyeusi huku abiria wakipita. Nilitoka darasani nikaenda kunawa uso.

Haring alizaliwa mwaka 1958, akakulia mji mdogo wa Kutztown. Baba yake alikuwa mhandisi aliyependa kuchora vikatuni, naye ndiye aliyemfundisha mwanawe kushika kalamu. Mwaka 1978 kijana alihamia New York kusoma katika School of Visual Arts. Treni za jiji zilikuwa zimejaa grafiti, na aliwaheshimu waliozichora, lakini hakushindana nao. Alichokiona yeye kilikuwa kitu cha kawaida kabisa. Kwenye kuta za stesheni kulikuwa na fremu za matangazo. Tangazo likimaliza muda wake na mteja mwingine hajapatikana, wafanyakazi walilifunika kwa karatasi nyeusi isiyong'aa. Watu walipita mbele ya weusi ule kila siku. Yeye aliona ubao wa shule. Alipanda juu mtaani, akanunua boksi la chaki nyeupe, akashuka tena.

Hiyo ilikuwa mwaka 1980. Kwa miaka mitano hivi alichora mamia kwa mamia ya michoro, siku nyingine hadi arobaini. Chaki kwenye karatasi ile haina kufuta, na polisi anaweza kutokea wakati wowote, kwa hiyo mstari ulipaswa kuwa sahihi mara ya kwanza. Alichora mtoto anayetambaa akitoa miale, mbwa wanaobweka, watu wanaocheza, vyombo vya angani, televisheni. Hakuweka jina. Hakuuza. Abiria walisimama wakamuuliza maana yake nini, naye aliwaachia wenyewe waitafute. Aligawa beji zenye picha ya yule mtoto, na watu wasiofahamiana wakawa wanatambuana kwa beji hizo ndani ya treni. Alikamatwa na kutozwa faini mara kadhaa. Tangazo jipya likipatikana, linabandikwa juu ya mchoro na kazi imekwisha.

Sehemu hiyo ya tasnifu niliiandika kwa wiki moja, kwa furaha. Iliyofuata ilinichukua miezi.

Kupanda kwake kulikuwa kwa haraka. Mwaka 1982 alikuwa mmoja wa wasanii wa Documenta, maonyesho makubwa yanayofanyika Kassel, Ujerumani. Mwaka huohuo Tony Shafrazi alimfanyia maonyesho yake binafsi kwenye nyumba yake ya sanaa New York. Msomaji anayependa mambo ya dunia atafurahi kujua kwamba Shafrazi huyu, mwaka 1974, aliingia makumbusho akaandika kwa rangi ya kupuliza juu ya Guernica ya Picasso, akakamatwa. Miaka minane baadaye ndiye aliyekuwa akimtia bei kijana anayekamatwa kwa chaki. Turubai zikauzwa. Matajiri wakanunua. Na Haring aliendelea kushuka stesheni kuchora bure, akiamini mambo mawili hayo yanaweza kukaa pamoja.

Hayakukaa. Jina lake lilipopata bei, kila alichokigusa kikapata bei, pamoja na karatasi iliyobandikwa ukutani kwa ajili ya kila mtu. Watu walianza kubandua. Alikuwa akimaliza mchoro, na muda mfupi baadaye haupo. Hatimaye mwaka 1985 akaacha. Alikuwa akichorea abiria, na michoro haikuwa ikiwafikia tena.

Kisha alifungua duka, mwaka 1986, mtaa wa Lafayette, akaliita Pop Shop. Aliuza fulana, beji na mabango yenye michoro yake, ili aliyekuwa akiipata bure chini ya ardhi aweze bado kumiliki kitu kwa pesa ndogo. Wakosoaji wakasema amegeuka mfanyabiashara. Mwaka 1988 alijua kwamba ana Ukimwi, na hakuuficha. Alifariki Februari 1990, akiwa na miaka 31. Makumbusho ya Whitney yalimfanyia maonyesho makubwa ya kumkumbuka mwaka 1997, na leo kazi zake zipo kwenye makumbusho mengi ya Ulaya na Marekani. Mwaka 2024, mnada wa Sotheby's uliuza michoro 31 ya chaki kutoka stesheni zile, mali ya mkusanyaji mmoja, kwa zaidi ya dola milioni tisa kwa pamoja.

Hapo ndipo msimamizi wangu alipoandika "Una uhakika?" Nilikuwa na hasira na watu wale, na hasira ile haikuwa ya kitaaluma. Lakini swali lake lilikuwa la haki. Chaki kwenye karatasi ya tangazo haikuwekwa idumu. Michoro iliyopo leo ipo kwa sababu kuna mtu aliibandua. Iliyoachwa mahali pake, kama Haring alivyotaka, haipo.

Ijumaa alfajiri nilipanda basi Mbezi. Nilikuwa na laki moja na nusu, pesa niliyotunza kwa kuchapa na kujalidi tasnifu. Chalinze nilikuwa nimeshapanga hotuba ya kumwambia Mangi. Segera nilikuwa nimeshaona mlango umetundikwa kwenye ukuta mweupe mahali fulani, una kibao kidogo chenye jina la kaka na miaka yake miwili. Muheza, wauza machungwa walipokimbilia madirisha, nilijikuta naona aibu kidogo, sikujua kwa nini.

"Shikamoo Mangi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuuaga mlango."

Nilimwambia nimekuja kuununua. Nilizitoa zile hela kabisa, nikaziweka kwenye mbao ya dirisha, kati ya mzani na boksi la vibiriti. Hakuzigusa.

"Mlango nikikupa leo, usiku nalala na nini?"

Nikasema atanunua mwingine. Akahesabu kwa vidole: mbao, fundi, bawaba, kitasa. Haikutosha, lakini akasema angeongezea mwenyewe, kwa heshima ya marehemu. Kisha akanieleza mkataba wake. Kampuni inampakia duka bure, na inamwekea bati mpya kibarazani. Zile za zamani zinavuja, wateja wananyeshewa, unga unaloa. "Siwezi kuwakatalia," alisema. "Wewe mwenyewe ungeweza?"

Sikuweza kusema ningeweza.

Tulipokuwa tunazungumza alikuja mtoto wa kike, miaka sita au saba, na chupa tupu ya mafuta ya kula. Kabla ya kufika dirishani alipita mlangoni, akainua mkono, akagusa ile sarafu kwa kidole, ndipo akaja kusema alichotumwa. Hakutabasamu wala hakuutazama mchoro. Aligusa kama mtu anavyogusa kizingiti.

"Umeona?" nikamuuliza Mangi.

"Nini?"

"Amegusa pale."

"Ah. Wote wanafanya hivyo. Eti ukigusa, hela haipotei njiani. Sijui nani aliwaanzishia."

Nilisogea nikautazama mlango kwa karibu, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu msiba. Watu wanane wa mwanzo bado walikuwa weupe, wamefifia kidogo kwa jua. Sarafu yangu ilikuwa karibu imekwisha. Rangi nyeupe ilikuwa imelika, na nyeusi ya chini yake pia, hadi mbao inaonekana, laini, inang'aa kwa mafuta ya vidole. Miaka yote niliyokaa Dar nikijifunza jinsi kazi za sanaa zinavyohifadhiwa, watoto wa mtaani kwetu walikuwa wakiifuta kazi ya kaka yangu kidogo kidogo, kila siku. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kuipenda zaidi yao.

Nilikaa kwenye benchi la Mangi hadi jioni. Watoto kumi na mmoja walipita. Tisa waligusa.

Kuna mtu mmoja kwenye habari ya Haring ambaye nilikuwa nimempa aya moja tu. Anaitwa Tseng Kwong Chi, mpigapicha mzaliwa wa Hong Kong, rafiki yake. Haring alikuwa akimwarifu stesheni alizochora, naye anafuata na kamera kabla michoro haijafunikwa au kubanduliwa. Hakuchukua chochote ukutani. Alipiga picha pamoja na ukuta, na matangazo ya jirani, na abiria waliopita bila kuangalia. Naye alifariki kwa Ukimwi, wiki chache baada ya Haring, Machi 1990. Ile picha ya darasani iliyonitoa machozi ilikuwa mojawapo ya kazi zake.

Nikatoa simu. Nilipiga picha 43. Nilipiga mlango mzima, kila mtu wa foleni peke yake, ufa wa chini panya walipoanza kula. Nilipiga mlango pamoja na dirisha na ndoo za mchele. Nilimwomba mtoto mmoja ruhusa, nikapiga mkono wake umegusa. Jua lilipozama niliangalia nilichopata. Zilikuwa picha nzuri, na niliona wazi kwamba hazitoshi.

Mama alitoka shuleni akanikuta palepale. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama, mkoba begani. Kisha akasema, kwa sauti ileile anayosema nayo darasani, "Si ugeuzwe?"

Sikuelewa. Mangi alielewa kabla yangu.

"Ubao wa shule ukijaa upande mmoja tunaugeuza," mama akasema. "Toa bawaba, geuza mlango, uso uingie ndani. Nje wapake wanachotaka."

Jumamosi fundi seremala alikuja, akadai elfu ishirini. Mangi alitaka kuchangia nusu, mama akakataa, nami nikalipa. Kazi ilichukua muda kuliko tulivyodhani kwa sababu mlango ulikuwa umevimba kwa unyevu, ikabidi upigwe randa pembeni. Mzee mwenye baiskeli alipoteza gurudumu la nyuma kiasi cha nusu sentimita. Nilishika upande mmoja, Mangi upande mwingine, tukaunyanyua, tukaugeuza. Kilichokuwa ndani, mbao kavu yenye misumari ya kutundikia kalenda, kikatoka nje. Foleni ya kaka ikaingia ndani ya duka, ikaangaliana na magunia ya sukari.

Niliingia kutazama. Ndani kulikuwa na giza. Mangi akawasha taa. Kwa mara ya kwanza wale watu tisa walikuwa mahali salama, hapana jua, hapana mvua, hapana vidole. Na hapana mtu. Nilisimama katikati ya magunia nikaelewa nilichofanya. Nilikuwa nimeuokoa mchoro kwa kuwanyang'anya wenyewe. Nilikuwa nimefanya walichofanya watu wa stesheni, tofauti ni kwamba mimi niliomba ruhusa, na sikuuza.

"Umefanya vizuri," Mangi alisema nyuma yangu. Nadhani aliona uso wangu. "Na mimi nitakuwa nauona. Miaka yote nilikuwa nakaa upande wa nyuma."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Mwenye mlango hakuwa amewahi kuuona akiwa kazini.

Jumapili nilirudi Dar. Usiku ule nilifungua sura ya pili na kulitazama neno "wezi" kwa muda mrefu. Nimeliacha. Walichukua kilichotolewa kwa wote wakakifanya cha mtu mmoja, na aliyekitoa akaacha kutoa kwa sababu yao. Sijui neno jingine la kitendo hicho. Lakini nimeongeza sentensi mbili baada yake. Ya kwanza inasema kwamba kila mchoro wa chaki wa Haring tunaoweza kusimama mbele yake leo tumeupata kutoka kwa watu hao, nami ni mmoja wa wanaofaidika. Ya pili inasema kwamba kuinuliwa kwa msanii wa mtaani mara nyingi huhesabiwa kutoka ukuta hadi makumbusho, na hakuna anayehesabu waliobaki wamesimama mbele ya ukuta mtupu. Msimamizi hajanijibu bado. Pengine ataiuliza hiyo ya pili kama nina uhakika.

Jumatano mama alipiga simu, safari hii saa yake ya kawaida. Duka limemalizika, linang'aa hadi linaumiza macho. Bati ni nzuri. Kisha akacheka. Mangi, alisema, ameshinda jana nzima akigombana na watoto. Amewekea rangi kamba ikauke, ameandika kwa mkaa MSIGUSE, lakini wapi. Chini ya mlango, upande wa kulia, kimo cha mtoto wa miaka saba, rangi mpya ya kampuni tayari ina alama za vidole.